Ruvuma Katika Wimbo wa Taifa wa Msumbiji

Askari wa jeshi na polisi husimama wima wimbo wa taifa upigwapo, lakini historia ya maneno yake si wengi waijuao. Wimbo wa ndugu zetu wa Msumbiji, katika ubeti wa pili, unautaja mto Ruvuma kuwa mwanzo wa nchi, na Maputo kuwa mwisho wake. Kijiji cha Nhica do Rovuma, wilayani Palma katika jimbo la Cabo Delgado, kimebeba jina la mto huo.

Maneno hayo yametokana na ukimbizi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na wapiganaji wake wakafunzwa Kongwa na Nachingwea. Kwa kijana wa Kimakonde aliyekuwa Nachingwea, kwao kulianzia pale ng'ambo ya maji. Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba, 1964, kuvuka Ruvuma kulikuwa ndiko kurudi nyumbani. Mwezi Mei 1975 Samora Machel naye aliingia kwa njia ya kaskazini, akasafiri jimbo kwa jimbo hadi mji mkuu kwa sherehe za uhuru za tarehe 25 Juni.

(Na mpaka huo wenyewe si wa kale sana. Upande wa pwani, Wajerumani waliishika Kionga, kusini mwa mlango wa mto, tangu 1894 hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916.)

Wimbo wa kwanza, wa mwaka 1975, uliisifu FRELIMO kwa jina. Katiba ya 1990 ilipofungua mlango kwa vyama vingi, ilikuwa vigumu kumtaka kila raia aimbe sifa za chama kimoja. Mwaka 2002 ukapitishwa wimbo mwingine. Jina la chama likaondolewa. Ruvuma na Maputo, vilivyokuwamo tangu awali, vikabaki. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maana mto hauna kadi ya chama.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi, 2021, maelfu ya wananchi waliyakimbia makazi yao. Baadhi yao walishika njia ya Nhica do Rovuma, wakiutafuta mto ule ule ili wavuke kuelekea kaskazini, kinyume cha njia ya wapiganaji wa 1964. Julai mwaka huo majeshi ya SADC yaliingia Cabo Delgado, Watanzania wakiwa miongoni mwao, yakakaa huko hadi 2024.