Toka lokole mpaka kapteri: nani anatangaza hali ya moyo wetu?

Leo tuangalie historia ya jambo moja lenye linaingia polepole mu nyumba za watu: mashini ndogo za kupima, kapteri, zenye zinatafuta kujua kama mtu ana furaha, hasira ao huzuni wakati anapika, anafagia ao anapumzika.

Kwetu Kisangani, kutangaza hali ya moyo si jambo jipya. Walokele wa kando ya mto walikuwa na lokole, gogo lenye kuchongwa ndani, lenye midomo miwili: mmoja wa sauti ya juu, mwingine wa sauti ya chini. Mmisionere Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma hizo. Lokole ilitangaza kifo, sikukuu, mwito wa kurudi kijijini. Lakini angalieni: kulikuwa kila mara mtu mwenye aliamua kuipiga, na maneno yenye alichagua. Mtu akinyamaza, lokole nayo inanyamaza.

Mashini ya leo inapita njia ingine. Mwaka 1997, Rosalind Picard wa MIT, kule Marekani, alitoa kitabu Affective Computing, akieleza kwamba ordinatere inaweza kufundishwa kutambua hisia. Mwaka 2016, kundi la Dina Katabi, palepale MIT, lilionyesha EQ-Radio: mawimbi ya redio yanagonga mwili, yanarudi, na mashini inasoma pumzi na mapigo ya moyo bila kukugusa. Kwa mtu mwenye ilishamzoea, ilipatia mara 87 ku 100. Kwa mtu mwenye haijawahi kumpima, ilishuka mpaka karibu 72.

Sisi watu wa kilimo tunajua tofauti hiyo inatoka wapi. Kapteri ya maji ya udongo yenye ilipangwa kwa udongo wa Ulaya, ukiichomeka mu udongo wetu mwekundu wenye chuma na mfinyanzi, inaweza kudanganya mpaka uipange upya palepale. Njo maana mnara wa CongoFlux, wa metre 55, unasimama Yangambi tangu 2020, unapima namna pori linavuta na kutoa hewa ya kaboni. Hatuwezi kusoma pori letu kwa vipimo vya Amazoni tu.

Na moyo wa mtu ni mgumu kuliko udongo. Mama mwenye kutwanga pondu, moyo wake unapiga mbio. Si hasira, ni kinu. Tena hapa kwetu kuko lingine. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini, kati ya nyumba za watu: vita ya siku sita. Kuko watu wenye, mpaka leo, radi ikipasuka juu ya bati, wananyamaza gafla. Mashini itaandika: mapigo yamepanda. Haiko na Juni 2000 mu kichwa yake. Jirani njo anajua, anakuja kusema "pole, mama".

Sisemi tuzikatae. Kwa mzee mwenye kuishi peke yake, kapteri inaweza kuita mtoto wake kwa wakati. Ila kwanza ipangwe na watu wetu, wao wenyewe wakitaja hali yao. Pili, mwenye moyo atoe ruhusa, na aweze kuizima. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inakataza, isipokuwa kwa sababu za afya ao usalama, kusoma hisia za watu ku kazi na ku masomo. Nyumba haimo mu katazo hilo. Kwetu, Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu. Tuisome mbele mashini hizo hazijafika sokoni, juu kisha itakuwa ngumu kuuliza nani aliamua lokole ipigwe.