Safari ya Neno Ombasha hadi Kilosa

Katika mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri huko Misri mamia ya askari wa Kisudani ili kuuvunja upinzani wa watu wa pwani yetu. Askari hao walikuja na majina ya vyeo ambayo jeshi la Misri liliyapata kwa Waturuki. Na Wadachi walipoweka boma Kilosa, majina hayo yalipanda nao bara: efendi, shaushi, ombasha.

Hilo la mwisho lastahili kupasuliwa. Asili yake ni onbaşı: on ni kumi, baş ni kichwa au mkuu, na ile ı ya mwisho ni “wake”. Ni kusema: kumi, mkuu wake. Mswahili asione ajabu, kwani naye husema mkewe Ali, nduguye Juma, akalibandika jina alama ya mwenyewe. Mturuki hufanya vivyo hivyo, ila humtanguliza mwenyewe: Ali'nin evi, “ya Ali, nyumba yake”. Lakini alama ile ilipofika kwetu ilikwisha kufa. Waliomwogopa ombasha hawakuwa na haja ya kujua kwamba ndani ya cheo chake mna “wake”. Hata vokali yenyewe iligeuka.

Katika mahali tumeachana zaidi. Mturuki husema Kilosa'da, aliyeko Kilosa. Kilosa'dan, atokaye Kilosa. Lakini Mikumi'de na Mikumi'den, kwa kuwa kiambishi hufuata vokali iliyotangulia. Sisi twasema akaa Kilosa, atoka Kilosa, aenda Mikumi, na jina halitikisiki. Kitenzi ndicho kibebacho mzigo.

Je, -ni yetu? Waliolelewa kwa Kilatini wamependa kuihesabu pamoja na viambishi vya namna ya -da. Mimi sikubali. Mturuki akisema evimde, “nyumbani mwangu”, ev ni nyumba, -im ni yangu, kisha -de ya mahali hufuata bila kuigusa -im. Kwetu nyumba yangu hugeuka nyumbani mwangu, au kwangu, au pangu: -ni imelihamisha jina katika ngeli nyingine, na kimilikishi hakina budi kulifuata. Kikaguru, kisemwacho kaskazini ya Kilosa, chaonyesha jambo hili waziwazi, maana huweka ha-, ku- na mu- mwanzoni mwa jina, pale pakaapo viambishi vya ngeli.

Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916. Ombasha akaondoka na boma lake, akaja koplo.