Jamaa wa Mistari

"Mistari tu? Hata mimi naweza!" Ndivyo nilivyoropoka nilipoona kwenye kitabu picha ya kazi ya Sean Scully. Kumbe nilikuwa sijui historia ya mtu.

Scully alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1945. Mwaka 1949 wazazi wake, makabwela kwelikweli, walihamia London. Kijana akaingia mtambo wa uchapaji kama mwanagenzi; mchana kazi, usiku darasa la sanaa. (Sisi tulioishia kidato cha nne tunamwelewa hapo.) Mwaka 1969 alitembelea Morocco, na ile mistari ya vitambaa vya kule ikamganda kichwani.

Mwaka 1975 akahamia New York. Wakubwa wa sanaa pale walipenda picha kavu, safi, isiyo na jasho la mchoraji. Naye alichora hivyo hivyo kwa miaka kadhaa, lakini 1981 akachoka. Akatoa "Backs and Fronts": vipande 11 vimeunganishwa, upana mita sita hivi, rangi imepakwa nzito, mistari haikunyooka na wala hajali.

Halafu 1983 mwanawe Paul, kijana bado, akafa kwa ajali ya gari.

Baba hakuchora sura ya mtoto. Mwaka 1984 alichora mistari mikubwa, akaiita "Paul".

Baadaye aliteuliwa kuwania Tuzo ya Turner, 1989 na 1993, zote akakosa. Mimi nilirudi kwenye kile kitabu, nikaifunua "Paul", nikakaa nayo kimya.