Kiangazi cha Mstaafu

Mtumishi wa umma anapokaribia kustaafu pale Ilembo, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, maswali anayoulizwa yanajulikana. Umeshapaua? Shamba umepata wapi? Utafuga nini? Akijibu kwamba atafuga nyuki, wenzake watatikisa kichwa kwa kukubali, maana Katavi ni nchi ya asali. Akisema atafungua duka la pembejeo, watamwonya asikopeshe ndugu. Aseme kwamba atachora picha, aone. Hatakosekana wa kumuuliza mkewe pembeni kama mzee analala vizuri.

Si kwamba watu wa Mpanda wana roho mbaya. Mfano wa mstaafu wanao mbele ya macho yao. Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa waziri mkuu tangu 2008 hadi 2015, alijiita mtoto wa mkulima akiwa madarakani, na alipotoka alirudi kwenye kilimo. Heshima ya uzee hapa ina sura ya shamba, na aliyechoka na ofisi anajua pa kwenda bila kueleza sana. Sanaa haina njia iliyokwisha kukanyagwa namna hiyo.

Mtu mzima kuachana na kazi inayomla akashika sanaa ni jambo ambalo kila utamaduni unalisimulia kwa namna yake, na namna hizo hazifanani hata kidogo. Tunayoisikia zaidi siku hizi, kwenye sinema na kwenye semina za kuhamasishana, ni ya Ulaya ya karne ya 19. Kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa kidogo kuliko zote.

Kielelezo chake ni Paul Gauguin, aliyezaliwa 1848. Alifanya udalali wa hisa Paris, akaoa mwanamke wa Kidenmark aliyeitwa Mette, wakapata watoto watano. Akaacha kazi, baadaye akaiacha na familia, na mwaka 1891 akapanda meli kwenda Tahiti kuchora. Mwingereza Somerset Maugham aliyatumia maisha hayo kuandika riwaya iliyotoka 1919, na picha ikaenea: msanii wa kweli ni yule anayekata kamba zote siku moja. Simulizi hiyo inaruka mambo mawili. Kwanza, soko la hisa la Paris lilianguka mwaka 1882 na udalali ukakosa ulaji, kwa hiyo Gauguin alisukumwa kabla hajaruka. Pili, uhuru wake ulilipiwa na wengine. Mette alibaki Copenhagen akifundisha Kifaransa ili watoto wale, na huko Polinesia kulikuwa na wasichana wadogo aliowafanya wake zake. Ukimsomea habari hizi mama wa Ilembo mwenye wajukuu watatu nyumbani, hatauliza rangi zake zilikuwaje. Atauliza nani alilipa ada.

Katika Paris hiyohiyo alikuwepo Henri Rousseau, karani wa ushuru uliotozwa kwa bidhaa zilizoingia jijini. Yeye hakukata chochote. Alichora saa za ziada kwa miaka, akastaafu mapema mwaka 1893 akiwa na miaka 49, kisha akaishi kwa pensheni ndogo na kwa kufundisha fidla. Misitu yake yenye simba na nyani aliichora bila kutoka Ufaransa. Mimea aliitazama kwenye bustani za jiji. Wakosoaji walimcheka, Picasso akamfanyia karamu mwaka 1908. Rousseau na mwalimu wa shule ya msingi wangeelewana haraka kuhusu daftari la mahudhurio. Ajabu ni kwamba riwaya hazimtafuti.

China wanalisimulia kama kurudi nyumbani. Tao Yuanming aliteuliwa kuwa hakimu wa wilaya ya Pengze mwaka 405, akakaa siku themanini na kidogo tu. Siku moja, wanasema, aliambiwa avae rasmi ampokee mkaguzi kutoka juu. Akaona mshahara wake, uliohesabiwa kwa vipimo vya mchele, hautoshi kumfanya ainamishe mgongo mbele ya mtu wa namna ile. Akarudisha mhuri, akaenda kulima na kutunga mashairi hadi alipokufa mwaka 427. Watumishi wa dola ya China walimsoma kwa karne nyingi baadaye, wengi wao wakiwa bado ofisini, wakimwonea wivu. Katika simulizi hii ofisi ndiyo ugeni, na kijiji na ushairi ndiyo asili ya mtu. Lakini Tao alikuwa na wana watano na aliishi maskini. Nyumba yake iliungua mwaka 408, na ushairi wake wenyewe unazungumzia njaa. Wachina hawakumficha msomaji gharama, na gharama hiyo ilibaki ndani ya shamba lake mwenyewe.

India ya kale iliweka jambo kwenye ratiba ya umri. Mtu akishaona wajukuu na kumaliza wajibu wa nyumba, anaruhusiwa kujitenga. Lengo lilikuwa ibada, si sanaa, na wanawake hawakupewa nafasi sawa, kwa hiyo sitakaa hapo. Nachukua kitu kimoja tu: ruhusa ilitolewa na jamii nzima, na haikuhitaji ujasiri wa mtu mmoja.

Sasa turudi Katavi, maana hapa pana jibu la nne ambalo sijaliona likihesabiwa. Wasukuma wengi walihamia mkoa huu na ng'ombe wao tangu miaka ya 1970 na 1980, wakaungana na Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa waliokuwepo. Walikuja pia na ngoma zao. Vyama vikuu ni viwili, Wagika na Wagalu, vyenye asili kwa waganga wawili, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni, vyama hivyo hushindana uwanjani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji kutoka kwa mwenzake. Manju hutunga nyimbo mpya kwa ajili ya siku hiyo, nyingine za kumsuta mpinzani kwa jina. Kikundi hufanya mazoezi, kina dawa zake, kina vituko vyake. Katika bugobogobo wachezaji hushika majembe, kwa kuwa ngoma hiyo ilianzia shambani, kwenye vikundi vya kulima kwa zamu. Jembe lile lile lililopalilia mahindi Januari, mwezi Julai linarushwa juu na kudakwa mbele ya umati.

Manju huyo haachi kazi ili awe msanii, wala hasubiri uzee. Kalenda inamgawia: masika ni ya shamba, kiangazi ni cha sanaa. Akifika miaka 60 anakuwa na viangazi arobaini vya utunzi nyuma yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana akili timamu.

Kilichokiondoa kiangazi ni mshahara wa mwezi. Mpanda yenyewe ni mji wa mshahara: tawi la reli kutoka Kaliua lililetwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na mji ukakua kandokando ya kazi hiyo. Mgodi ulifungwa, mji ukabaki, na zikabaki ofisi. Mwezi wa mtumishi una siku 30 za aina moja. Mwalimu angalau ana likizo ya Juni, utasema. Muulize mwalimu wa darasa la saba likizo hiyo anaitumiaje. Ana wanafunzi wa kambi, ana mitihani ya kusahihisha, ana vikao, ana michango. Kwa hiyo sanaa yote ambayo mkulima huigawa katika miaka arobaini, mwajiriwa huisukuma hadi siku ya kustaafu, na siku hiyo inaonekana kama kichaa cha ghafla.

Wapo waliokataa kuisukuma. Shaaban Robert alianza kazi serikalini mwaka 1926 kama karani wa forodha, akahamishwa huku na huko, akamalizia ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mwajiriwa; Kusadikika kilitoka 1951. Alikufa 1962 akiwa na miaka 53, muda mfupi tu baada ya kuachana na ofisi. Angengoja pensheni, tungekuwa na karani mmoja zaidi na kabati tupu. Mathias Mnyampala wa Dodoma alikuwa hakimu na mshairi kwa wakati mmoja. Mwambao ulikuwa na desturi hii tangu zamani: Muyaka wa Mombasa alikuwa mfanyabiashara, na hakuna aliyeona biashara na ushairi vinagombana. Siwezi kusema desturi hiyo inamfaa kila mtu. Ushairi unaweza kutungwa kichwani ukiwa njiani kutoka kazini. Picha ya rangi inataka meza, mwanga na mchana.

Ndiyo maana mfano ninaourudia ni wa Rosemary Karuga wa Kenya. Alizaliwa 1928, akasoma sanaa Makerere tangu 1950 hadi 1952, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Kisha akafundisha shule. Akaolewa, akalea, akafundisha, na miaka ikapita zaidi ya thelathini. Alistaafu mwaka 1987, akiwa anakaribia 60, na ndipo akaingia Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa na Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu. Fedha ya rangi hakuwa nayo ya kutosha. Akachukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akayakata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi kimoja kimoja. Ukiwa mbali unaona wanawake wa kijijini na wanyama, rangi zikipanda na kushuka kama zilipakwa kwa brashi. Ukisogea unaona kingo za mkasi, na pengine herufi iliyobaki ya jina la sabuni. Mwaka 1990 kazi zake zilioneshwa Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki Ireland Februari 2021, akiwa na miaka zaidi ya 90.

Ninachokipenda hapo ni hesabu. Karuga hakumwacha mtu na deni. Elimu ya sanaa aliipata kijana, kazi ikamnyima muda, kustaafu kukamrudishia muda, na kituo kikampa meza. Vitu vinne vya kawaida kabisa. Mwalimu mwingine wa Kenya, Sane Wadu, aliyezaliwa 1954, hakungoja: aliacha kufundisha miaka ya 1980 akashika brashi. Majirani walisema amerukwa na akili, naye akalijibu soga hilo kwa kubadili jina lake na kujiita Sane, mwenye akili timamu kwa Kiingereza. Jibu tamu, na kazi yake imemtetea. Ila alikuwa na miaka kama 30, na mtu wa miaka 30 ana muda wa kukosea. Mwenye 56 hana.

Tuseme basi kuna mwalimu wa miaka 56 Ilembo. Sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari tangu 55. Akisubiri 60 atastaafishwa. Mkono anao: kwa miaka 30 amechora kwenye karatasi za manila mfumo wa chakula, sehemu za ua, ramani ya Tanzania yenye maziwa yote, kwa maka peni za rangi tatu alizonunua mwenyewe. Zile ndizo zana za kufundishia ambazo mkaguzi huzisifu na panya huzila stoo. Hajawahi kuziita sanaa. Kinachomzuia kuondoka si woga. Ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao yake. Julai 2022 mkupuo wa wastaafu uliwekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Mkupuo huo ndio wa kupaua nyumba, kumalizia ada na kulipa mkopo wa benki. Kinachobaki ni pensheni ya mwezi, kama ya Rousseau, na kama ya Rousseau inatosha kununua rangi iwapo hakuna anayengoja kulishwa nayo.

Kwa hiyo ushauri wa Gauguin ni ushauri mbaya kwa mwalimu huyu, na wa Tao unamfaa nusu, maana shamba atalihitaji. Wa manju unamfaa zaidi ya yote: atenge kiangazi chake sasa, kabla ya barua ya kustaafu, hata kiwe cha Jumamosi mbili kwa mwezi, ili akifika 60 awe amekwisha kuharibu manila za kutosha.

Halmashauri nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwalimu mwanamume aliyestaafu hayumo, na sidai aingizwe. Anahitaji alichokipata Karuga Paa ya Paa, meza na chumba chenye mwanga. Madarasa ya shule za Manispaa ya Mpanda hukaa matupu Jumamosi mchana. Madiwani wanaweza kuamua kulifungua moja katika kikao cha robo mwaka kijacho, na gharama yake ni ufunguo.