Liwali wa Wageni Guangzhou

Guangyuan Xilu, kaskazini ya kituo kikuu cha reli cha Guangzhou, ni barabara ya maduka ya jumla ya nguo na viatu ambako Waafrika, wengi wao Wanigeria, wamekuwa wakifunga mizigo tangu mwanzoni mwa karne hii. Kila taifa huchagua mwenyekiti wake: husuluhisha madeni, huchangisha fedha za kusafirisha maiti, huzungumza na polisi mwenzao anapokamatwa. Wengi huona uongozi huu kama kitu kipya kilicholetwa na Waafrika. Kwa hakika mji huu uliuzoea zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tena ukiwa na nguvu kuliko sasa. Mwaka 851 maelezo ya wasafiri wa Kiarabu yalisimulia kwamba huko Khanfu, yaani Guangzhou, mfalme wa China alimweka Mwislamu awahukumu Waislamu wenzake na kuwaswalisha Idi. Zhu Yu, aliyeandika mwaka 1119, anaeleza mtaa wa wageni ulioitwa fanfang na mkuu wake, fanzhang, aliyevaa joho na kofia kama afisa wa Kichina. Mgeni aliyekosa alichunguzwa na mji, kisha akakabidhiwa kwa fanzhang aadhibiwe. Makosa mazito tu ndiyo yaliyobaki mikononi mwa mji. Msomaji wa pwani yetu atamtambua mara moja: huyu ni liwali.

Nikisema wenyeviti wa leo nao wapewe cheo kinachotambuliwa na mji, atasema mtu kwamba fanfang haikumwokoa yeyote, kwani mwaka 879 waasi wa Huang Chao waliuteka mji wakawaua maelfu ya wageni. Ni kweli, na ni msiba mkubwa. Lakini siku hiyo ilikuwa dola yenyewe imeshindwa kuulinda mji, na cheo kilichorudi hata Zhu Yu akakikuta bado kinafanya kazi hakikuonekana na Wachina kuwa mzigo. Hoja nzito zaidi ni kwamba dola ya leo ina sheria moja kwa wote, na mahakama ya kila kabila ingekuwa kurudi nyuma. Nakubali, hakuna haja ya mahakama. Ila kati ya hakimu na mtu asiye na cheo kuna nafasi pana. Tanzania, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hafungi mtu jela, lakini barua yake yenye muhuri hupokelewa benki na polisi. Mwenyekiti wa Guangyuan Xilu hana muhuri ambao ofisi yoyote ya mji inalazimika kuuheshimu.

Pengo hilo limeonekana hadharani. Julai 2009 Mnigeria aliyekimbia ukaguzi wa pasipoti aliruka kutoka ghorofani akaumia vibaya, na wenzake wakakizingira kituo cha polisi. Juni 2012 mwingine alifia mikononi mwa polisi, na wenzake wakaifunga barabara. Aprili 2020, wakati wa Uviko, Waafrika walipofukuzwa katika nyumba na hoteli hata wengine wakalala nje, malalamiko yalilazimika kupanda hadi kwa mabalozi wa Afrika walioko Beijing, zaidi ya kilomita elfu moja na mia nane kutoka mtaani.