Watu wa Nchi: Waliohamishwa na Waliosalia katika Yuda

Yako maneno yaliyoanza kwa heshima yakaishia kwa dharau, na mojawapo ni lile la Kiebrania, *am haaretsi*, maana yake watu wa nchi. Zamani za wafalme wa Yuda laonekana kuwa jina la watu wenye nguvu; hao ndio waliomtawaza Yoshia, baba yake alipokwisha kuuawa. Basi limeshukaje?

Twaona chanzo katika uhamisho. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza alimchukua mfalme, na wakuu, na mafundi. Mwaka 586 mji na hekalu viliteketezwa. Kitabu cha Yeremia chataja safari tatu za mateka, jumla yao watu 4,600. Maskini waliachwa, wakapewa mashamba na mizabibu. Hapo fitina iliingia. Waliosalia walidai ya kuwa wenzao wamekwenda mbali na Bwana, na nchi ni yao; Ezekieli, aliyekuwa mateka mwenyewe, akawakemea. Naye Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, aliwafananisha waliochukuliwa na tini njema, na waliobaki na tini mbovu.

Mwaka 539 Koreshi aliutwaa Babeli, na ruhusa ya kurudi ikatolewa. Kitabu cha Ezra chahesabu kusanyiko la waliorudi kuwa watu 42,360, nacho chawaita wana wa uhamisho. Wengine waitwa watu wa nchi, nao watengwa kama wageni. Wataalamu wengi wa siku hizi waona ya kuwa miongoni mwao walikuwamo watu wa Yuda wasiohama kamwe. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa: katika Pasaka iliyofuata kumalizika kwa hekalu, mwaka 515, walikula pia wote waliojitenga na unajisi wa mataifa.

Karne nyingi baadaye walimu wa Kiyahudi walimwita *am haaretsi* mtu asiyejua Torati wala kuishika. Neno ni lile lile. Aliyebadilika ni asemaye.

Nasi tusiwacheke. Mshamba ni mtu wa shamba tu, wala hamna tusi katika asili ya neno. Lakini kijana atokaye chuoni huwaita hivyo wale waliobaki nyumbani, hata baba yake aliyeuza mazao ya shamba lile ili amlipie karo. Mwalimu asikiapo neno hili darasani, na aulize kwanza ni nani aliyebaki akailima ardhi.