Umeanzia Mwisho

Nilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973 na shahada ya historia, nikapangiwa kufundisha Kilwa. Mchana nilikuwa na vijana wa sekondari. Jioni, kama walimu wengi wa wakati ule, nilikuwa na darasa la watu wazima chini ya mwembe, maana kampeni ya kufuta ujinga ilikuwa imepamba moto.

Jioni moja niliwasomea habari za Vita vya Maji Maji. Nikaeleza, kwa madaha ya msomi, jinsi watu walivyodanganyika kwamba dawa ya Kinjikitile ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mzee mmoja Mmatumbi, ambaye bado alikuwa akihangaika na silabi, akaweka chaki chini.

"Mwalimu, mwanangu, umeanzia mwisho. Anza na pamba."

Akasimulia utoto wake: baba yake akilima shamba la akida huku la kwake likiota majani, nani alichapwa, jembe lilikuwa la nani.

Niliona haya. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kile kile walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kama yeye; kazi yao niliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Na pamba ilikuwamo! Kule Nandete, Julai 1905, vita vilianza kwa kung'oa miche ya pamba.

Toka siku ile niliwatuma wanafunzi wangu kwa babu zao na madaftari. Tulijaza 11. Nilipohamishwa niliyaacha kabatini. Niliporudi mwaka 1986 mchwa walikuwa wamebakiza majalada, na mzee alikwisha kufa.